Nyoka Walionishinda Kuchora

Jamani, leo sina pa kuweka uso wangu.

Mimi ni mchora mabango wa Nachingwea mjini, lakini kila Jumamosi napanda bodaboda hadi Mkotokuyana kuwasomea watoto hadithi za picha ninazochora mwenyewe. Tunakaa kibarazani kwa dada yangu, jua likitufukuza kona hadi kona. Jirani kuna chumba cha kijiji kilichokuwa kikihifadhi ufuta. Kitupu! Nimekiomba kiwe chumba cha kusomea. Ufunguo anao mwenyekiti wa kijiji, Mama Somoe, na leo alikuwa anakuja kutuona kabla hajaamua.

Tangu asubuhi sijatulia. Nimefagia kibaraza mara tatu. Chai imenipoa mkononi. Kila pikipiki ikipita, nasimama.

Hadithi yetu ya sasa ni ya kale, ya Wagiriki. Kuna mwanamke mwenye nyoka kichwani badala ya nywele. Ukimtazama usoni tu, unageuka jiwe. Shujaa anamwendea kinyumenyume, akimtazama kwenye ngao inayong'aa, kisha anamkata kichwa. Watoto wanaipenda kupita kiasi. Tumeifanyia na mchezo: ngao ni mifuniko ya sufuria, upanga ni wa boksi.

Tatizo, nyoka siwezi kuwachora. (Nawaogopa hata kwenye karatasi.) Kwa hiyo nilimchora mwanamke mwenye nywele za uzi, zile zinazozungushiwa uzi mweusi zikasimama, nikaweka macho mawili kwenye kila ncha. Nilijiona mjanja!

Saa tano Mama Somoe akafika, kajitanda mtandio wake. (Hakuna aliyewahi kumwona bila mtandio.)

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hawa ndo wasomaji wako?"

Watoto wakamwamkia kwa adabu. Nikapumua. Akakaa, akalalamika joto, akashusha mtandio mabegani apate hewa.

Nywele za uzi. Kichwa kizima. Zimesimama wima!

"Ndo huyo!" akapiga kelele Zaituni, binti wa miaka saba. "Msimwangalie!"

Watoto ishirini wakamgeuzia mwenyekiti migongo. Mifuniko juu. Wakaanza kumwendea kinyumenyume, wakimchungulia kwenye mifuniko. Zaituni mbele, upanga mkononi. Nilitaka kuwazuia, wakawa wameshamfikia.

"We mtoto, unataka kunifanya nini?" Mama Somoe akauliza.

"Kukukata kichwa, bibi. Shikamoo."

Mama Somoe akanyoosha mkono, nikampa picha. Akaitazama, akajishika nywele, akaitazama tena. Nikaona chumba kinaondoka hivi hivi.

"Kanisuka nani hapa?"

"Mimi, mama. Nisamehe mama. Nyoka wananishinda."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatoa ufunguo kwenye pochi, ila hakuuachia.

"Chumba chukueni. Lakini picha ya kwanza ukutani iwe hii, na sura iwe yako. Hao nyoka uwabebe mwenyewe."

Nikakubali kabla hajamaliza.

Sasa ni jioni, ufunguo ninao, na penseli sijaiweka chini tangu saa tisa. Nachora, nafuta, nachora. Jamani, mimi nina upara! Nyoka hawana pa kushika. Nilipokuwa naondoka, Zaituni alinishauri wawili watokee puani.

Anayecheka nimemwona.