Ramani Isiyo na Uchochoro

Jumatatu, 2 Mei 1887

Siku kubwa! Nimepata ramani ya Bagamoyo, ya mitaa yote. Alawi, muuza vitu vikuukuu, ametaka viatu vyangu vya Jumapili. Nimempa. Karatasi imekunjwa mara nne na mende wameanza kuila pembeni. Alawi anasema ilichorwa zamani na baharia mmoja. Forodha ipo. Soko la samaki lipo. Nyumba yangu ipo, na juu yake pana maneno ya herufi za Kiarabu. Mimi nasoma herufi za mapadre tu, kwa hiyo nimemuuliza Alawi yanasemaje. Amesema yanasema "nyumba ya mwenyewe". Safi.

Na la ajabu: uchochoro haupo!

Uchochoro wenyewe uko kati ya ukuta wangu na wa Bi Mwanahija, mjane muuza vitumbua. Wanawake wa mtaa mzima hupita hapo kwenda kisimani, kuanzia alfajiri, wakicheka. Sijui wanacheka nini. Mimi napataka. Masika yakiisha, wapagazi watashuka na pembe kutoka bara, na pale patafaa sana kwa kibanda cha tumbaku. Kama ramani ni ya zamani na uchochoro haumo, basi uchochoro ni wa juzi na ardhi ni ya nyumba yangu. Nani atabisha?

Tatizo moja dogo. Ramani haina tarehe.

Mke wangu Genoveva ameuliza nitavaa nini kanisani. Nimemjibu kwamba mitume walitembea pekupeku. Akasema mitume hawakupita soko la samaki.

Jumanne, 3 Mei

Leo upelelezi. Nimekwenda kwa Bi Mwanahija kununua kitumbua kimoja na kumchimba kuhusu mambo ya kale. Kwa ujanja! Nikauliza, kama mtu anayepita tu, msalaba wa mapadre ulisimikwa lini pale ufukweni. Akasema miaka kumi na tisa sasa. Anakumbuka kwa sababu mwezi ule alikuwa anamwachisha ziwa kitinda mimba wake.

Balaa. Kwenye ramani msalaba upo.

Kisha, bila kuulizwa, akaniambia kuwa yeye alipitishwa katika uchochoro huu akiwa bibi harusi, miaka thelathini na zaidi iliyopita. Nikarudi nyumbani na hesabu mbaya kichwani. Ramani yangu ya miaka kumi na tisa haitoshi. Inatakiwa iwe ya arobaini.

Msalaba lazima uondoke. Mungu anajua kuwa sina nia mbaya na msalaba. Ni mahali tu uliposimama.

Alhamisi, 5 Mei

Nimeukwangua kwa wembe. Kazi ya mikono mitulivu! Umetoka wote. Pametoka pia tundu, dogo, kama punje ya mtama. Nani atatazama?

Baadaye nimeipaka ramani kahawa na kuitundika juu ya moto ili izeeke. Genoveva ameikuta inaning'inia juu ya ng'onda zake. Ameuliza kama nayo ni ya kula. Sasa inanuka samaki mkavu. Haidhuru. Kila kitu cha kale kinanuka.

Ijumaa, 6 Mei

Nimeziba uchochoro kwa ua wa makuti. Mtu wa kwanza kukwama alikuwa Genoveva, mtungi wa maji kichwani. Imebidi azunguke kwa njia ya forodha. Amefika nusu mtungi.

Rajabu mshona kofia, jirani wa upande wa pili, amekwenda kunishtaki kwa Jumbe Pazi. Rajabu huyu hunidharau kwa kuwa anasoma herufi za aina mbili na mimi aina moja. Vizuri sana! Baraza ni Jumatatu. Nitawaaibisha wote kwa mkupuo.

Jumatatu, 9 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilianza vizuri mno. Nilisimama, nikaifunua ramani, nikaapa kuwa ni ya miaka arobaini na kuwa wakati ule marehemu baba yangu, Gaspari, alikuwa tayari anakaa katika nyumba ile. Wazee wakatikisa vichwa. Nikadhani wananikubali.

Jumbe Pazi akaiinua karatasi kwenye mwanga. Jua likapenya kwenye tundu, likamchoma jichoni.

"Fransisko, hapa palikuwa na nini?"

Nikasema mende wamekula.

Jumbe akasema mende wa kwangu wana akili. Wameacha mji mzima, wakala msalaba wa mapadre peke yake.

Kisha Rajabu akaomba asome. Alisoma polepole, kama mtu anayenyonya kipande cha muwa. "Nyumba... ya... Mwinyimvua."

Nyumba yangu! Alawi mwongo! Mwinyimvua ni marehemu baba yake Bi Mwanahija. Rajabu akageukia wazee. Akasema kwamba, kwa kiapo cha Fransisko mwenyewe, ramani ni ya kweli. Basi nyumba ni ya Bi Mwanahija, na huyo Gaspari aliyekuwa anakaa humo ama alikuwa mpangaji, ama alikuwa mwizi.

Ningeweza kusema kweli. Baba aliinunua ile nyumba, baada ya kuja na mapadre. Lakini nilikuwa nimekwisha kuapa. Niliona paa langu, kitanda changu, Genoveva na mtungi wake, vyote viko barabarani.

Jumbe akamuuliza Bi Mwanahija. Yeye alimaliza kwanza kahawa yake.

"Baba yangu alimuuzia Gaspari nyumba ile mwaka mmoja kabla ya kile kimbunga kikubwa, miaka kumi na sita sasa. Pilau ya siku ile niliipika mimi. Msalaba ulikuwa umekwisha kusimikwa, na nyumba ilikuwa bado ya baba. Basi karatasi hii haizidi miaka kumi na tisa, wala haipungui kumi na sita."

"Na uchochoro?"

"Aliyechora hakuwahi kuchota maji."

Baraza zima likacheka. Sauti ya Genoveva niliisikia huko nje, juu ya zote.

Hukumu: ua ung'olewe leo. Na kwa kiapo cha uongo, uchochoro uongezwe upana wa mkono mmoja, kutoka upande wangu. Upande wangu ni ukuta wa jiko.

Jumanne, 10 Mei

Nimebomoa ukuta wa jiko kwa mikono yangu mwenyewe, huku mvua inanyesha. Wanawake wakapita. Upana umewafurahisha. Sasa wanapita wawili wawili.

Bi Mwanahija naye akapita. Nikasema shikamoo nikiutazama ukuta. Akasema, "Marahaba, mwanangu," akaniachia vitumbua vitano kwenye jani. Genoveva anasema yule mama angeweza kulala leo katika nyumba mbili, akachagua moja, na niende nikamshukuru. Nimesema kesho.

Vitumbua nimevila. Vilikuwa vitamu kupita kiasi. Mtu hakuachii nyumba bure. Lazima ana njama.

Alhamisi, 12 Mei

Nimetafakari siku mbili, kwa utulivu, na nimeliona kosa langu waziwazi. Kosa lilikuwa wembe. Na kutegemea ramani ya mtu mwingine.

Kwa hiyo nimepata karatasi safi na leo nimeanza kuchora mwenyewe ramani ya Kaole, mji wa jirani. Kule hawanijui. Shamba la babu yangu nimeliweka mahali pazuri, lenye minazi mingi. Babu hakuwahi kufika pwani, lakini karatasi haijui hilo. Genoveva amechungulia begani kwangu, akaenda kuvificha viatu vyake.

Mistari imenyooka. Tarehe nitaiandika mwisho, nikishajua nani huko Kaole amekwisha kufa.