Nani Alikula Supu ya Mama?

Jumatatu, 4 Novemba

Nimewasha moto kwenye kundi letu la mtandaoni. Nimeandika kwamba hakuna binadamu aliyewahi kupita mawingu. Zile picha za anga zote zimepigwa studio, tena studio mbovu. Watu mia mbili wamenipenda kabla sijamaliza kahawa! Kisha akajitokeza Evlogi, mwalimu mstaafu wa fizikia, jirani yangu wa ghorofa ya chini. Akauliza mbele ya watu wote: mama yangu, aliyekausha supu za wanaanga miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha hapa Plovdiv, alikuwa akimkaushia nani? Wakacheka. Nimekosa hamu hata ya kushindilia kabichi ya kuchachusha kwenye pipa la roshani.

Jumanne, 5 Novemba

Dawa ya Evlogi imepatikana. Shahidi wake nitamfanya wangu! Nimemwambia Mama nataka kurekodi kumbukumbu zake za kazini. Masikini, kavaa hereni za harusi. Kaleta barua za shukrani za wanaanga na pakiti ya mwisho ya supu ya maharage, aliyoitunza kabatini tangu kiwanda kifungwe. Nikamuuliza kama aliwahi kumwona mwanaanga yeyote akila supu ile, kwa macho yake. Akasema hapana. Safi kabisa! Lakini hakuishia hapo.

"Hata wewe nilikufungia chakula cha shule miaka minane, Krastyu. Sikukuona ukila hata siku moja. Kopo lilirudi tupu, nikaridhika."

Chakula kile nilikuwa nampa mbwa wa mlinzi wa shule. Maneno hayo ya Mama nimeyakata kwenye video.

Alhamisi, 7 Novemba

"Mpishi wa Anga Akiri: Sikuona Mtu Akila." Video inatembea! Evlogi kaandika neno moja tu, aibu. Nimekuwa mshindi mpaka saa sita mchana, Mama aliporudi kutoka kununua mkate. Muuzaji alikuwa amemwonyesha video kwenye simu. Hakufoka. Alikaa mezani bila kuvua koti.

"Basi nilimpikia nani, mwanangu?"

Nikasema nakwenda kutazama kabichi. Nilisimama roshani muda mrefu, na kwa kweli niliona haya.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimefuta video. Wafuasi wangu wanasema nimenunuliwa. Mimi!

Mchana Mama kafungua pakiti. Ile ya mwisho! Nikamkumbusha kwamba ina zaidi ya miaka thelathini. Akasema ilitengenezwa ili ikae. Akamimina maji ya moto, akahesabu dakika kumi kwa saa ya ukutani, akaniwekea. Nikala. Maharage, mnanaa, pilipili tamu kidogo. Tamu mno! Machozi yalinilenga, nikasingizia mvuke. Mama alifuata kila kijiko kwa macho mpaka bakuli likawa tupu.

"Na kile cha shule," akauliza, "ulikuwa unakila?"

"Kila siku, Mama."

Uso wake ukang'aa. Sikuwa nimeuona hivyo wiki nzima. Habari za mbwa sitamwambia kamwe, maana nampenda.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeamka na jambo kubwa. Ikiwa mimi nimemdanganya Mama kwa mapenzi, wale wanaanga je? Hawakutoka ardhini hata hatua moja, lakini nani angekuwa na moyo wa kumwambia mpishi kama yule? Zile barua ni huruma tupu! Evlogi hana pa kutokea sasa. Nashangaa sikuliona hili mapema.

Nimemwomba Mama avae tena hereni, tupige video ya pili. Sikumweleza yote. Amekubali kwa furaha, na ameshaanza kupasi blauzi. Anasema safari hii ana ushahidi kwamba chakula chake huliwa kweli: atawaambia watu jinsi mwanawe alivyokuwa akimaliza chakula chote cha shule.