Ndume wa Timboroa Hataki Kazi

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya nne na Meneja. Amekula. Amelala. Amekula tena. Ng'ombe wa jirani amepita kando ya ua akilia mapenzi waziwazi, Meneja akageuka upande wa pili akaanza kujikuna na nguzo. Nguzo imevunjika.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Ijumaa iliyopita nilimpeleka Flora Timboroa nikambadilisha na ndume huyu. Flora ni ng'ombe wa mke wangu Jeruto. Alipewa na mama yake tulipomzaa Kiprono, miaka sita sasa. Jeruto mwenyewe yuko Iten na mtoto tangu asubuhi ya siku hiyo, dadake amejifungua, anarudi Jumapili. Alipokuwa akiondoka alisimama mlangoni na mkoba kichwani, akaniambia Baba Kiprono, fanya vituko vyako vyote, lakini ukimgusa Flora nitarudi kwetu na sitaaga.

Na mimi nikamgusa! Lakini mtu angefanya nini? Wanyoike, mwenye ndume, aliniapia kwamba Meneja ana watoto mpaka Molo, na kila mwenye ng'ombe hulipia. Nilimwona mtulivu kidogo, nikauliza. Wanyoike akasema amefanya kazi tangu alfajiri, amechoka. Nikaona hiyo ni dalili nzuri.

Sina wasiwasi. Mpwa wangu Cynthia anasomea uchumi chuoni hapa mjini, na ameacha kitabu chake cha noti kwenye kochi letu. Nimefungua kurasa mbili tu na tayari naona njia.

Jumanne, 4 Machi

Noti za Cynthia ni dhahabu! Nilidhani uchumi ni bei ya unga. Kumbe kuna sura nzima ya kupiga kura.

Kikundi chetu cha maziwa hapa Yamumbi kina watu tisa, na Alhamisi tunachagua kitu kimoja cha kununua. Kuna mapendekezo matatu. Mwalimu Oketch, mweka hazina, anataka tangi la kupoza maziwa. Mama Virginia anataka mashine ya kukata nyasi. Mimi, katibu, nimependekeza ndume. Ndume yupi, sijasema. Katibu hajipigii debe. Kikundi kikimnunua Meneja, Ijumaa nitakuwa Timboroa kumkomboa Flora, na Jumapili Jeruto atamkuta anacheua mahali pake.

Leo nimezunguka nyumba kwa nyumba nikijifanya nakusanya maoni. Mambo yako hivi. Mimi, Mzee Kipyego na Benta: ndume kwanza, mashine pili, tangi mwisho. Oketch na watu wake wawili: tangi kwanza, ndume pili, mashine mwisho. Mama Virginia na watu wake wawili: mashine, halafu tangi, ndume mwisho kabisa.

Nimepiga hesabu mara tatu na chai imepoa. Ndume akishindana na mashine, anashinda. Mashine ikishindana na tangi, mashine inashinda. Tangi likishindana na ndume, tangi linashinda! Wanazungukana tu, hakuna mshindi. Mshindi ni yule anayepanga nani aanze na nani.

Na ajenda inaandikwa na nani? Na katibu!

Tangi na mashine vitaanza. Mashine itaua tangi, halafu ndume amalize mashine. Nimempigia Cynthia simu kumshukuru. Akasema uncle, hilo ni swali la mtihani, si mpango wa maisha. Vijana wa siku hizi wanasoma bila kuelewa.

Jumatano, 5 Machi

Oketch amenirudishia kumbukumbu za mkutano uliopita zikiwa na alama za kalamu nyekundu. Alama kumi na moja! Ananisahihisha kama mtoto wa darasa la nne. Akaniuliza pia kwa nini ajenda ya kesho imepangwa kwa raundi mbili. Nikamwambia ni utaratibu. Akasema aha. Siipendi aha ya Oketch.

Jioni nimesoma sura nyingine, ya jinsi watu wanavyochagua. Eti mtu hawezi kupima kitu kikiwa peke yake. Kiweke kando ya kingine kibaya zaidi, na kile cha kwanza kitang'aa. Wueh! Maduka yote ya mjini yanajua siri hii na sisi tunanunua tu.

Basi nimemtafuta Lennox Okumu wa Munyaka. Ana ndume mmoja mwembamba, mbavu zote unazihesabu, sikio moja limeliwa na mbwa. Anaitwa Kijiti. Nimemwomba Lennox anikopeshe Kijiti siku mbili, asimame kando ya Meneja wanachama wakija kuangalia. Lennox akauliza kwa nini. Nikasema Meneja anahisi upweke. Akakubali bila swali la pili. Ni mtu wa roho safi, na hajui atakavyonisaidia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda! Nimeshinda! Aki nimeshinda!

Tulipiga kura ya mlolongo nyumbani kwa Mzee Kipyego, mwenyekiti wetu. Raundi ya kwanza, wa tangi wapange foleni kwenye choo, wa mashine kwenye ghala. Watu sita ghalani. Oketch na watu wake wawili walibaki chooni wakitazamana. Raundi ya pili, mashine na ndume. Oketch, ambaye mashine ya nyasi ataiona akiwa kaburini, akaja mwenyewe na miguu yake akasimama nyuma yangu! Mgongo wangu ulisikia raha ambayo siwezi kuieleza.

Oketch aliomba turudie kwa mpangilio mwingine, tuone. Nikasema kanuni haziruhusu. Akauliza kanuni ipi. Nikasema ile ya kutorudia.

Halafu nikatangaza kwa unyenyekevu kwamba kwa bahati nzuri nina ndume nyumbani. Mzee Kipyego akafurahi, akasema kesho watakuja kumwona. Nikasema karibuni sana, njooni na macho yenu.

Ijumaa, 7 Machi

Walikuja na macho yao. Mzee Kipyego alikuja pia na mtamba wake, aliyekuwa akitaka ndume tangu alfajiri.

Nimezaliwa huku. Nimekulia huku. Najua kabisa kwamba huku hakuna anayenunua ndume kabla ya kumwona kazini. Mtoto wa nasari anajua. Na bado niliwakaribisha, kwa sababu kichwa kilikuwa kwenye noti. Isitoshe, mimi mwenyewe nilimchukua huyu Meneja Timboroa bila kumwona akifanya chochote ila kupumua!

Mtamba akaletwa. Meneja akamnusa. Akapiga chafya. Akaenda nyuma ya ghala la mahindi akalala.

Nikakimbilia maneno ya Wanyoike, sikuwa na mengine. Nikasema amechoka wazee, amefanya kazi tangu asubuhi. Mzee Kipyego akauliza na ng'ombe wa nani. Nikataja wa kwanza aliyenijia kichwani, wa Mwalimu Oketch. Oketch akasema, kwa sauti ya darasani, kwamba ng'ombe wake ana mimba ya miezi saba.

Mara kamba ikakatika. Kijiti! Yule wa mbavu! Yule wa sikio moja! Sitaandika yaliyofuata, lakini Mama Virginia aligeuza uso na Mzee Kipyego alivua kofia. Dakika chache baadaye akarudia, asije mtu akasema ni bahati.

Wamemnunua Kijiti papo hapo. Lennox aliitwa kwa simu, akaja akicheka peke yake, akanishika mkono kwa mikono miwili akisema Mungu akubariki, brathe, umenitangazia biashara. Oketch naye alinipongeza kwa ajenda. Alisema bila mpangilio ule kikundi kisingepata ndume mzuri namna hii. Anajua! Huyu mwalimu anajua kila kitu.

Siku mbili zimebaki. Nimeangalia zizi, mahali pa Flora, na nikasikia uchungu kweli. Sitaki Jeruto aende. Nyumba hii bila yeye ni mimi na Meneja.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekodi pikapu, nimempakia Meneja, nimeenda Timboroa. Mpango mmoja tu: kumwomba Wanyoike, hata kwa kupiga magoti, tubadilishane tena.

Sikupiga magoti. Wanyoike alifungua geti kabla sijashuka. Akasema mchukue Flora, mchukue sasa hivi, hata kamba nakuachia, hata nyasi za njiani nakupa.

Ala! Mbona haraka hivi?

Nikakumbuka noti. Muuzaji anajua asichojua mnunuzi. Muuzaji akiharakisha, jiulize anaficha nini. Nikamuuliza Flora ana shida gani. Akasema hana shida. Lakini alisema akitazama milima! Nikatazama mkono wake, una bandeji. Nikauliza umeumia wapi. Akasema ni mlango.

Nikajua hapa kuna ugonjwa umefichwa. Mtu mmoja hanidanganyi mara mbili. Nikasimama imara nikamkataa Flora. Wanyoike aliniomba, alinisihi, mimi ng'o! Mwisho tulikubaliana amchukue Meneja, anipe mabata mzinga wanne, vichwa vikubwa, afya wanayo, unaiona.

Nilirudi nikipiga mluzi. Nilipofika karibu na nyumbani ndipo nikakumbuka nilikuwa nimeenda kumchukua Flora.

Jumapili, 9 Machi

Jeruto alifika saa nne asubuhi. Akatazama zizi. Akatazama mabata. Akakaa kwenye ndoo, akasema nieleze, na usiruke kitu.

Nilieleza yote. Kura, Kijiti, chafya. Nilipofika kwenye bandeji alianza kutetemeka, nikadhani analia. Alikuwa akicheka! Alicheka mpaka ndoo ikapinduka.

Kumbe Flora hakubali mkono wa mtu mwingine. Ni Jeruto tu, tena mpaka amwimbie pambio la kanisani. Mwingine akigusa anapigwa teke na maziwa hayashuki, hata tone. Wanyoike wiki nzima hajapata kikombe. Miaka sita nakunywa chai ya maziwa ya ng'ombe huyu na sikuwa najua, kwa sababu sijawahi kumkamua hata siku moja.

Jeruto alifunga mabata watatu miguu, akashika kamba, akaondoka. Nikajitolea kwenda naye. Akasema kaa.

Saa kumi alikuwa amerudi na Flora, na gunia la nyasi la nyongeza juu. Wanyoike alimshukuru mpaka barabarani. Halafu Jeruto akanisimamisha mbele ya Flora, akacheka tena kidogo, akaacha kucheka. Akasema alipokuwa kwenye gari la Timboroa alikuwa ameshapanga nguo zipi atachukua. Akasema safari hii ameniachia kwa sababu nilisema ukweli wote, na kwamba hakuna nyingine. Nilimwambia nimekoma, na machozi yalinitoka. Nilimaanisha kila neno. Kisha alimkamua akiimba, na mimi nikashika ndoo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka na akili safi.

Hebu tazama. Flora aliondoka, akaleta ndume. Ndume akaleta mabata wanne. Watatu wakamrudisha Flora, na gunia la nyasi juu. Bata mmoja amebaki hapa uani anaringa. Tumepata faida! Na Flora ni yuleyule, hajapungua hata mkia!

Yaani huyu ni ng'ombe unayeweza kumbadilisha kila wiki, na kila mwenye kumchukua atakurudishia mwenyewe akikushukuru. Sijui kama Cynthia ana sura ya hiyo, lazima nimuulize.

Wanyoike ameshamjua. Lakini Burnt Forest hawamjui, na nasikia kuna mtu huko ana punda wawili. Jeruto ameenda mjini, atarudi saa nane. Kamba iko nyuma ya mlango, na yule wa pikapu ameshika simu.