Mbuzi Arobaini wa Getanuwas

Jumatatu, 8 Septemba

Simu kutoka ofisi ya mradi, Katesh, saa tatu asubuhi, uji ungali mdomoni. Mtathmini wa mradi anakuja Jumatatu ijayo. Anataka kuwaona mbuzi. Nikauliza wangapi. Wote, wakasema, wakakata.

Nijieleze hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mimi ndiye mfuatiliaji wa mradi wa mbuzi kijijini kwetu Getanuwas, mwaka wa pili huu. Mradi ulitoa mbuzi jike arobaini kwa kaya arobaini. Kila kaya imtunze wake, azae, mtoto jike wa kwanza apewe jirani. Kazi yangu ni kuzunguka kila mwezi na fomu, kuhesabu na kuandika. Kuandika nimeandika, sijaruka mwezi. Kuzunguka ndiko kulikokuwa na vikwazo: mara mvua, mara goti, mara mavuno. Lakini fomu zangu ni safi, hazina hata mahali palipofutwa. Nilianza na arobaini, nikawa naongeza watatu kila mwezi, kwa kuwa watatu ni idadi ya kiungwana. Sasa tuna mia moja na kumi na wawili. Kwenye karatasi.

Tathmini ikienda vizuri, awamu ya pili ni kisima na birika la kunyweshea mifugo, hapa hapa. Ikienda vibaya, kisima kinapelekwa kijiji kingine. Mke wangu Fausta hutembea saa mbili, kwenda na kurudi, kwa ndoo moja. Amenikumbusha hilo bila kuulizwa. Kisha akauliza huyo mtathmini akitaka kumwona mbuzi wetu nitamwonyesha nini. Mbuzi wetu tulimla Krismasi. Nikamwambia hiyo siyo habari ya leo.

Jumanne, 9 Septemba

Nimezunguka. Goti limevimba kwa ajili ya taifa.

Kaya ishirini, mbuzi wanne! Ishirini nyingine goti limekataa, lakini nimesikia mabanda yao ni hivyo hivyo. Kwa Mama Letisia banda limefagiwa, kamba imening'inia, mbuzi hayupo. Nikauliza yuko wapi. Akasema yupo. Wapi? Yupo tu, Baba Jenifa, akasema, akaangalia mlimani mpaka nikaona aibu mimi. Kwa mzee Margwe nilitoa shikamoo, nikaketi, nikasikilizishwa habari za ng'ombe wake saa nzima. Nilipomtaja mbuzi wa mradi aliniuliza kama na watoto wangu huwa nawahesabu mbele ya wageni.

Wameuza. Wamekula. Sijui watu hawa wana roho gani. Mimi nimekula mmoja tu, tena sikukuu.

Njiani nikakutana na Hermani, katibu wa kikundi chetu cha mbuzi. Akataka kujua kwa nini leo nahesabu kwa jasho kitu ambacho nimekihesabu kila mwezi. Anaitaka kazi yangu. Hasa analitaka koti la mvua nililopewa na mradi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nina mpango. Nitaazima mbuzi. Tena nimetangaza kwamba Jumatatu wote waletwe ofisi ya kijiji, eti mgeni hawezi kutembea nyumba hadi nyumba. Mbuzi wakiwa wengi mahali pamoja, nani atajua yupi ni wa nani?

Nikaenda Nangwa kwa bodaboda, kwa Sebastiani, aliyeoa binti wa kijijini kwetu. Zizi lake limejaa mbuzi mpaka wanapandana. Nikamwomba tisa kwa siku mbili, na nikaahidi jiwe la chumvi ya mifugo. Akasema hao si wake, ni wa watu. Nikaenda kwa jirani yake, naye akasema hivyo hivyo: ni wa watu. Uchoyo wa Nangwa haujawahi kuandikwa ipasavyo. Nikarudi kwa Sebastiani, nikamsihi mpaka mkewe akanihurumia. Akanong'ona na mumewe kwa Kiiraqw, wakacheka. Basi Sebastiani akasema kwa kuwa wanakwenda Getanuwas, niwachukue tu, hakuna ubaya.

Nimepumua. Tisa na wale wanne ni kumi na watatu. Wengine nitasema wako malishoni.

Jumamosi, 13 Septemba

Balaa. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, kimewashusha mbuzi uani, nami nikawatazama kwa karibu kwa mara ya kwanza. Kila mmoja ana mkato wa pembetatu kwenye sikio la kushoto. Wote tisa! Ni alama ya wenyewe wa Nangwa, bila shaka. Mtathmini ataiona, atauliza, nami nitakuwa mwizi wa mbuzi kabla ya chakula cha mchana.

Nimechukua dawa ya bluu ya vidonda, nikapaka masikio yote tisa, unene wa kidole. Nitasema ni kupe. Fausta ameniangalia tangu mwanzo hadi mwisho. Mikono yangu ni ya bluu hadi kwenye viwiko. Lakini mkato hauonekani, na leo nitalala.

Jumatatu, 15 Septemba

Naandika kwa furaha. Niende polepole.

Mtathmini ni mama wa makamo, Bi Judica, mzaliwa wa Mbulu, ana sweta na daftari dogo. Nilimpa shikamoo mara mbili. Watu walikuwa wengi, mbuzi kumi na watatu. Akapita moja kwa moja kwa wale wa bluu. Nikaeleza habari ya kupe. Akatoa kitambaa mkobani, akamfuta mmoja sikio, akaangalia. Akamfuta wa pili. Kisha akafungua karatasi za mradi, akasoma kwa sauti kwamba kila mbuzi wa mradi hukatwa pembetatu sikio la kushoto.

Sikujua. Nakiri hapa tu. Kwenye fomu kuna mstari unaosema alama ya sikio, na nimejaza ipo mara mia tisa na sitini.

Mama Letisia naye akasogea, akainama, akamshika mmoja shingoni. Akasema huyu ni wangu. Alimpeleka kwa Sebastiani mwaka jana. Bi Judica akamwuliza kwa nini alimpeleka. Mama Letisia akajibu akitazama chini kwamba mkataba unasema mbuzi akae nyumbani, na yeye hakutaka kunyang'anywa; lakini mtu huwezi kuweka mali yako yote zizi moja, ugonjwa ukija utabaki na kamba.

Ng'ombe ndiyo, watu huwalaza kwa marafiki, hata marehemu baba yangu alifanya hivyo. Mbuzi wa mradi sikuwafikiria kabisa.

Nilidhani sasa atakasirika. Akaketi kwenye benchi la ofisi, akasimulia kwamba baba yake huko Mbulu alikuwa na ng'ombe katika nyumba tano, na hata mkewe hakujua idadi. Mwaka ambao ng'ombe wa nyumbani walikufa, wale wa kwa watu ndio waliomsomesha yeye. Kisha akafunga fomu yangu na kusema hataki kujua mtu ana mbuzi wangapi. Akamgeukia mzee Margwe, akamwuliza kwa heshima: "Mzee wangu, mbuzi wako analala kwa nani?"

Mzee Margwe akacheka. Akasema kwa shemeji yake, Nangwa, na wana wawili wa mbuzi huyo wako Dongobesh. Baada ya hapo watu hawakuzuilika. Kwa mama mkwe, Katesh. Kwa rafiki wa jeshini. Simu zikapigwa, wenyeji wakajibu huko huko kwa kutaja rangi na pembe. Hadi saa kumi alikuwa na mbuzi mia moja ishirini na sita. Mia moja ishirini na sita! Mimi niliandika pungufu. Nilikuwa mwangalifu mno.

Hermani akasimama. Akaomba mfuatiliaji aeleze mbuzi wa Nangwa walifikaje hapa wakiwa na masikio ya bluu. Nikaficha mikono yangu ya bluu mgongoni. Bi Judica akanitangulia. Akasema ni dhahiri nimewakusanya kutoka kwa wenyeji wao ili yeye awaone, na hajawahi kukutana na mfuatiliaji aliyejisumbua kiasi hicho. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Hermani akaketi.

Kati ya wale arobaini wa kwanza amekosekana mmoja tu. Wangu. Nikasema fisi. Fausta akakohoa kwa muda mrefu. Bi Judica akaandika.

Jumanne, 16 Septemba

Bi Judica amepita nyumbani kuaga. Fausta akampa chai, wakaulizana habari za waume na watoto. Kisha mgeni akapanga fomu zangu mezani, mwezi kwa mwezi, akauliza kwa upole kama mbuzi wa hapa huzaa kwa kalenda, watatu watatu. Nikasema wana nidhamu. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akakoma kucheka, akaniambia kisima kimeokolewa na watu hawa, si na kalamu yangu, na tangu sasa nitembee kwa miguu yangu. Ataleta fomu mpya yenye safu ya mahali mbuzi anapolala.

Nikangoja polisi. Nikangoja mkutano wa kijiji. Hakuna. Akapanda pikipiki, akapunga mkono. Sijawahi kupenda mgongo wa mtu kiasi kile. Nililala mchana kutwa na koti la mvua mwilini.

Jumatatu, 22 Septemba

Kisima kimepita! Wapimaji watafika mwezi ujao. Wanawake wamepiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Fausta amepika akiimba na ameniwekea nyama mbili. Amesema amefurahi, akanishika bega, na kwa dakika moja nilijiona mume wa maana. Mzigo umenitoka kifuani. Hata Hermani nimemsalimia.

Jumanne, 30 Septemba

Fomu mpya zimefika. Nzuri sana. Leo ilikuwa niende Nangwa na Dongobesh, lakini goti. Nimejaza zote kabla ya chai ya saa nne. Safu ya mahali mbuzi anapolala nayo haikunisumbua: mwezi huu wote wanalala Singida. Singida ni mbali, na hakuna mtathmini atakayefunga safari hadi huko kwa ajili ya mbuzi.

Fausta amesoma akiwa nyuma ya bega langu. Ameniuliza kama najua Bi Judica ameolewa wapi. Nimemwambia ndoa za watu hazinihusu, nikafunga bahasha.