Pua ya Haji Senusi

Alhamisi, 6 Novemba

Kikao nyumbani kwa baba mkwe, Haji Senusi. Macho yake yameingia ukungu. Juzi aligonga mtende uliokuwepo kabla yeye hajazaliwa. Ametangaza kwamba hashiki tena usukani. Keshokutwa tunapeleka wageni wa Kairo kwenye Jangwa Jeupe. Yeye atakaa kiti cha nyuma atupime. Tukirudi, ufunguo wa Land Cruiser, na wageni wote wa msimu, vinakwenda kwa mkwe mmoja.

Wakwe tuko wawili: mimi na mwanyumba wangu Galal, aliyeoa dada wa mke wangu. Galal anajua magari. Mimi najua watu. Mke wangu Nagat akanikumbusha kwamba mwaka jana nilijaza maji kwenye tangi la mafuta. Nikamwambia hilo ni suala la kiufundi.

Ijumaa, 7 Novemba

Ushindi! Baada ya swala nimeazima pikipiki nikaingia jangwani peke yangu. Kwetu Farafra, dereva anayegundua jiwe ndiye anayelipa jina, na madereva wengine hulifuata kwa adabu. Haji ameyapa majina nusu ya mawe ya kule: Uyoga, Ngamia Aliyelala, Bibi Harusi. Hakuna hata moja lenye jina lake.

Basi nimempata mwenyewe! Jiwe la chokaa, refu kuliko mimi kidogo. Lina kilemba, lina kidevu, lina pua. Ukisimama upande wa kusini ni Haji mtupu. Ukisimama kaskazini ni gunia la viazi, kwa hiyo hakuna atakayesimama kaskazini.

Jioni nimemwambia. Akajifanya hajali. Akasema upuuzi huo, mtu mzima kama yeye. Kisha akamwita kinyozi.

Jumamosi, 8 Novemba

Lami ilipoisha Galal alipunguza upepo wa magurudumu, kama inavyotakiwa mchangani. Zamu yangu ilipofika nikaongeza kidogo, ili gari lisimame kwa heshima mbele ya wageni. Tukazama. Tumechimba hadi adhuhuri. Bi Inaam, mmoja wa wageni, mwalimu mstaafu wa jiografia, akauliza kama kuchimba kumo kwenye ratiba. Nikamwambia kumo.

Kambini, Galal akatandika mazulia. Mimi nikateleza kwenda kulikagua jiwe. Tatizo! Pua ya Haji ina nundu katikati. Ya jiwe imenyooka. Najua sheria yake, amewakemea nayo wageni miaka yote: jiwe huangaliwa kwa macho, si kwa mikono. Lakini nundu ni nundu. Nikaikwangua kidogo tu, juu na chini, kwa kisu cha vitunguu.

Pua ikaanguka. Yote.

Sikubabaika. Nikarudi kambini nikachukua donge lote la unga wa mkate wa jioni. Nikalikanda na samli lisipasuke, nikafinyanga pua, nikaibandika, nikaipaka vumbi la chokaa. Nundu safi kabisa. Kusema kweli, ilipita ile ya asili.

Jua lilipoanza kushuka nikawapanga wageni upande wa kusini, Haji mbele. Nikatoa hotuba. Haji akakunja macho, akasema anaona kitu cheupe chenye kilemba. Akaigusa pua yake mwenyewe taratibu. Akaniita mwanangu. Nilishausikia ufunguo mfukoni!

Hapo mbweha akatokea nyuma ya kilemba. Mdogo, masikio makubwa. Akanusa. Akaanza kula.

Wageni wakacheka, simu juu. Haji akauliza kuna nini. Nikasema watu wamefurahia mandhari. Galal, mnafiki mkubwa, akajibu kwa adabu zake zote: “Baba, mbweha anakula pua yako.”

Haji akauliza tangu lini mbweha wanakula mawe. Akaomba ashikwe mkono, akaenda hadi kwenye jiwe, mbweha akampisha. Akapapasa pale palipobaki. Akanusa vidole. Akauliza, kwa sauti ya chini, mkate wa jioni uko wapi.

Tumekula wali mtupu. Bi Inaam kasema hajawahi kupata safari yenye mafunzo kama hii.

Jumapili, 9 Novemba

Tumerudi. Galal kaendesha njia yote. Mimi nimekaa nyuma na madumu.

Haji alitoa hukumu uani, mbele ya majirani. Ufunguo kampa Galal. Mimi kanipa koleo la kuchimbia mchanga, akasema nimelizoea. Akaongeza kwamba upepo na mchanga vimelichonga jiwe lile tangu bahari ya kale ilipokauka pale, havikumhitaji Rifaat na kisu chake. Majirani wakaitikia. Mmoja akaniuliza kama nafinyanga na masikio.

Picha za Bi Inaam zimefika kila simu ya Farafra. Madereva wameshalipa jiwe jina: Chakula cha Mbweha. Kwa hiyo kwa vyovyote nimegundua jiwe.

Nyumbani nilitarajia faraja. Nagat akasema watu hukata pua wakaunga wajihi, mimi nimekata pua nikaunga kwa unga. Kisha akacheka mpaka akaketi chini.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepeleka maji kambini kwa pikipiki ya kuazima, koleo langu begani. Galal akapiga honi aliponipita. Mara mbili.

Nimetafakari kwa kina, nimeliona kosa langu. Kosa lilikuwa kisu. Kisu ni chombo kikali mno kwa kazi ya chokaa.

Tena nililenga mtu asiye sahihi. Nani humwambia Haji la kufanya? Mama mkwe! Akitaka ufunguo ubadilishe mfuko, unabadilisha kabla ya chai. Na leo, nikirudi, nimeona jiwe lenye mashavu yake kabisa, na ushungi. Shavu la kushoto tu ndilo lililozidi kidogo.

Seremala ana msasa laini. Nakwenda kuuazima.