Kopo la Bibi Dorika

Wapo watu wanaosikia harufu ya noti kabla hazijatoka mfukoni mwa mwenyewe, na Ambrosi wa Masasi alijaliwa pua hiyo. Jumatatu ile alikuwa Newala kwa sababu za kiafya: kule Nanganga alikuwa amewauzia wakulima salfa ya kupulizia mikorosho, nayo ilikuwa unga wa muhogo uliotiwa binzari. Mikorosho ilinukia pilau wiki nzima.

Akikwepa baridi, aliingia kwenye duka la kutoa kopi. Akakuta watu watatu wameinamia kitabu kinene kama tofali.

"Mtihani wa leseni ya ushauri wa kodi ni Jumamosi, Masasi!" alilalamika Shakila, karani wa ghala. "Siku tano! Kitabu hiki hata panya asingekimaliza kwa mwaka."

"Bila leseni hiyo hakuna tena kuwajazia watu ritani za kodi," akasema Mama Sia, mwenye duka. "Nikifeli nafunga, na Sia wangu anarudi nyumbani kutoka chuoni."

Wa tatu, Mwalimu January, mstaafu, alikuwa akihesabu kurasa zilizobaki.

Ambrosi akakohoa kikohozi cha kisomi. "Samahanini, wakubwa zangu. Mimi ni mkufunzi wa kodi. Siku tano zinanitosha, na moja nitakuwa nimepumzika. Laki moja kila mtu, nusu mkononi sasa hivi."

Mpango ulikuwa mfupi na mtakatifu: apokee nusu, aende "kuchukua vitini", apande gari.

Mama Sia akamtazama kidogo zaidi ya ilivyo adabu. "Sawa, Mwalimu. Ila kwetu kungwi halipwi mwali akiwa ndani. Analipwa siku ya kutoka. Fedha zitakaa kwa mama yangu."

Mama yake, Bibi Dorika, alikuwa amewafunda mabinti wa nusu ya Newala, na nusu iliyobaki ilimwogopa. Nyumbani kwake alihesabu laki tatu zao, noti za elfu kumi kumi, akazitia kwenye kopo la biskuti, akaliweka mezani. Kisha akachukua kitambulisho cha Ambrosi na cheti chake cha uhasibu, kitu pekee cha halali mkobani mwake. "Mgeni analala kwangu, lazima nimjue. Na wanafunzi wako watakuuliza maswali, majibu tutayaangalia kitabuni. Ukikosea, noti moja inatoka."

"Shikamoo, Bibi," akasema Ambrosi, kwa sauti ya mtu anayeuaga mpango wake.

"Marahaba. Anza."

Siku ya kwanza alieleza kwamba kodi ya zuio ni ya kumzuia mfanyabiashara asikimbie. Noti ikatoka. Hadi jioni zilikuwa zimetoka tatu, na kila moja ilimuuma kama jino.

Kuanzia hapo, wanafunzi wakienda kazini, yeye alibaki na kitabu, chai na mizizi ya ming'oko ya kuchemsha, akisoma kama mfungwa anayetafuta kifungu cha kumtoa. Kopo lilimtazama, naye akalitazama. Siku ya pili ilitoka noti moja; kuanzia siku ya tatu haikutoka tena hata moja.

"Kipato si kile ulichoshika tu, jamani!" alinguruma, chaki mkononi. "Umefanya kazi, mtu akakulipia ada mahali badala ya ujira? Hicho ni kipato, hata kama hukuona senti. Ukurasa wa sitini na mbili. Usinung'unike, Shakila, andika!"

"Nimefundisha miaka thelathini," akasema Mwalimu January, "sijawahi kueleweka hivi."

Ambrosi alisikia kitu cha moto kifuani. Akadhani ni vidonda vya tumbo.

Ijumaa mchana wanafunzi wote watatu waliondoka kwenda Masasi. Bibi Dorika alipoingia jikoni, Ambrosi akalinyakua kopo. Jepesi! Ndani mlikuwa na noti moja ya elfu kumi na risiti ya Jumatano: ada ya mtihani, laki mbili na nusu. Jina la mtahiniwa lilikuwa lake. Siku mbili nzima alikuwa akilinda karatasi.

"Kungwi hutoka pamoja na mwali wake, mwanangu," ilisema sauti nyuma yake. "Hiyo elfu kumi ni nauli. Kitambulisho na cheti anavyo Mama Sia."

Alikwenda Masasi kuchukua vitu vyake tu, naapa. Lakini msimamizi wa mtihani alikuwa ameshavikusanya vitambulisho vya wote hadi mwisho wa mtihani. Ambrosi akaketi, akakusudia kuandika upuuzi. Mkono ukakataa. Wiki nzima kila kosa lilikuwa limemgharimu elfu kumi. Vidole vilikuwa vimeshika adabu.

Wote wanne walifaulu. Wa kwanza alikuwa Ambrosi.

Sasa ana kiofisi Mkomaindo, mjini Masasi, na leseni ukutani, na watu wazima wanamwamkia. Juzi Mama Sia alimtembelea, akafungua faili.

"Nimekuja kukusaidia ritani yako. Tuanze na laki mbili na nusu uliyolipiwa."

"Mama Sia! Ule ulikuwa mtego, haukuwa kipato!"

"Ukurasa wa sitini na mbili. Wewe mwenyewe, chaki mkononi." Akafunua karatasi nyingine. "Na salfa ya Nanganga, uliuza mifuko mingapi?"

"Salfa ipi?" akauliza Ambrosi.

"Ile ya pilau. Mjomba wangu alinunua sita, akanisimulia hadi kikohozi chako. Siku ile ulipokohoa dukani nilikujua palepale, nikajisemea, mtu aliyeweza kumuuzia mjomba binzari anaweza kumfundisha hata jiwe. Tulikuwa na kitabu, Mwalimu. Tulikosa mdomo."



Mama Sia akamsogezea kalamu. Kisha akatoa mkobani kopo la biskuti, akaliweka taratibu mezani.

"Andika. Ukikosea, noti moja inatoka."