Hotuba ya Uzinduzi wa Visima Vinne vya Kupimia Maji, Karakana ya Njia ya Kilosa

Ndugu msimamizi wetu Boniface, ambaye yuko Morogoro kwa majukumu mazito ambayo hakuyataja, ndugu Abubakari, mlinzi wa geti na leo mkuu wa itifaki, mama yetu Agatha, mzalishaji mkuu wa wali maharage katika ukanda wote wa Mikumi hadi Kilosa, ndugu vibarua wenzangu mlioketi kwenye matairi kwa kufuata ukubwa wa vyeo vyenu, yaani popote, ndugu kuku wa Mama Agatha, mliohudhuria kwa gharama zenu wenyewe, wakubwa shikamooni. (Marahaba! Sauti kutoka kwenye matairi: "Fupisha, mapumziko ni nusu saa!")

Mgeni rasmi ametoa udhuru. Kwa niaba yake nasimama juu ya pipa hili mimi, Malimi, kibarua wa koleo, mzaliwa wa Maswa, mhitimu wa darasa la sita kasoro mtihani, ambaye tangu mwezi wa pili naitwa Afisa wa Ufuatiliaji wa Maji ya Ardhini, uteuzi uliozingatia sifa, kwa sababu reflekta iliyobaki stoo ilinitosha mimi peke yangu. (Makofi. Mtu anapiga sahani kwa kijiko.)

Kama mnavyofahamu, kwa takribani miaka kumi na minne karakana hii imetekeleza kwa ufanisi mkubwa zoezi shirikishi la kumwaga dizeli na oili chafu nyuma ya banda la kuoshea injini, zoezi ambalo mimi binafsi nimelishiriki kwa ndoo, hadi ardhi yenyewe ikatoa mrejesho: kisima cha Mama Agatha, hatua mia mbili hapo bondeni, kikaanza kutoa maji yenye rangi za upinde wa mvua. Mama akakifunga, akawa anapanda na kushuka mtoni na ndoo kichwani. Wataalamu walikuja, wakanusa, wakasema inahitajika monitaringi. Monitaringi, ndugu zangu, ni kuchungulia kwa utaratibu. Vichimbwe visima vinne kuizunguka karakana, na kila mwezi afisa ashushe chupa kwa kamba, achote maji ya chini, yaende maabara, tujue dizeli imetembea hadi wapi.

Nafurahi kuujulisha umma huu kwamba utekelezaji umefikia asilimia mia moja na kidogo. Mabomba manne meupe yamesimama kama mnavyoyaona, nimeyaandika namba nyekundu mimi mwenyewe, na namba tatu imetazama upande usio wake, kasoro ambayo tayari imeundiwa kikosi kazi, yaani mimi na tambara. Sampo kumi na mbili zimepelekwa maabara, na majibu yote kumi na mawili yamesema mafuta hayakuonekana. Hayakuonekana kabisa! Majibu hayo niliyabandika getini kwa gundi ya ugali, kwa uwazi na uwajibikaji, nikayasimamia hadi yakakauka. (Vigelegele. Kuku mmoja anatoka ukumbini.)

(Mama Agatha ananyoosha mwiko: "Malimi mwanangu, nina swali dogo tu. Nilipoona ile karatasi yako nikakifungua kisima. Wiki ya pili hii natumia. Mbona harufu iko palepale?")

Swali zuri sana, mama, na ofisi yangu imelipokea. Harufu, kitaalamu, ni suala mtambuka, linalohitaji bezilaini, steki holda na mkakati wa muda wa kati, ili... (Abubakari: "Mjibu mama wa watu! Unatuzungusha kama mtu anayetafuta maegesho!")

Naam, mkuu wa itifaki. Nijibu kwa mtiririko. Mwezi wangu wa kwanza wa uafisa nilishusha chupa bomba namba moja, ikarudi kavu. Namba mbili, kavu. Tatu na nne, kavu. Kitaalamu hiyo inaitwa changamoto. Fomu ilikuwa na nafasi ya rangi ya maji, harufu ya maji na joto la maji, ila haikuwa na nafasi ya kuandika hakuna maji. Na dereva wa maabara alikuwa ameniachia chupa zake nzuri, zimeoshwa, zina vifuniko vya bluu, zimepangwa kwenye boksi kama vikombe vya harusi. Ndugu zangu, mimi nimelelewa. Chombo cha watu hakirudi kitupu. Mama yangu aliweza kukosa unga ndani, na bado sahani ya jirani ikarudi na viazi viwili. Nikaona aibu. Nikazijaza.

(Abubakari: "Ukazijaza nini?")

Maji ya kunywa, mkuu wa itifaki. Ya dumu langu, ninayotoka nayo Mikumi kila asubuhi. Yamechemshwa. (Mtu anacheka, kisha anaacha.)

(Mama Agatha, polepole: "Kwa hiyo wali wa leo nimepikia nini?")

Mama, hilo nilitaka kukuuliza wewe.

("Maji ya kisimani! Si uliandika safi?" Vibarua wote wanatazama sahani zao. Ni tupu.)

Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba afisa amekula sahani mbili. Kwa mamlaka niliyopewa na reflekta hii natamka kwamba kisima kifungwe sasa hivi, maji ya kupikia nitayabeba mimi kutoka mtoni, na Boniface akirudi Jumatatu nitamweleza mwenyewe. Akinifukuza, nitakuwa afisa wa kwanza katika historia ya karakana kuondoka kwa kosa alilolitaja kwa mdomo wake. Sasa tusimame wote. Nikisema Maji, mnajibu Salama! Maji! (Vibarua wanasukuma sahani zao mbali.) Nikisema Sampo, mnajibu Za Kweli! Sampo! (Mama Agatha: "Shuka kwenye hilo pipa uje unishikie mfuniko wa kisima!")

Nakuja, mama, namalizia shukrani. Nawashukuru wachimbaji wa visima, ambao mtambo wao haukufika hapa hata siku moja. Namshukuru Boniface, aliyesema wakati ule kwamba wageni wanakuja kesho na lazima wakute kitu kimesimama. Naushukuru mfuko mmoja wa saruji, na bomba moja refu lililokatwa vipande vinne, kila kipande kama mkono wangu huu hadi kwenye kiwiko. Na kwa namna ya pekee najishukuru mimi mwenyewe, niliyevikata, nikavisimika juu ya udongo mkavu, nikaviziba chini kwa zege, kisha kila mwezi nikavishushia chupa kwa kamba, taratibu, kwa heshima zote, kana kwamba huko chini kuna kitu. Asanteni kwa kunisikiliza.